Kwa Mkono wa Syokau

Jumapili, 9 Machi

Nimerudi nyumbani Gatongora na matope mpaka magotini na hasira mpaka kooni. Masika yameanza mapema huko Gatuanyaga, mahali ambapo watu huiomba mvua mpaka sauti zinakauka, na barabara ya vumbi imegeuka uji. Mwenye pikipiki alinishusha katikati ya njia akasema hapiti. Nikatembea nimebeba kamera kichwani.

Leo Waorthodoksi wanakumbuka siku ikoni, zile picha takatifu wanazozibusu, ziliporudishwa makanisani, baada ya miaka zaidi ya mia moja ya kuvunjwa na kupigwa marufuku. Aliyezirudisha ni mwanamke, Theodora, malkia wa Bizanti. Kabla yake mwanamke mwingine, Irene, alikuwa amezirudisha mara ya kwanza. Wanafunzi wangu wa mwaka wa kwanza wanalijua hilo. Padri wa huko, Mutie, amehubiri saa nzima, akataja maaskofu mpaka nikachoka kuandika, na wanawake hao wawili hakuwataja hata kwa bahati mbaya. Halafu wanaume wakazibeba ikoni wakalizunguka kanisa, wanawake tukafuata nyuma na miavuli.

Ikoni zenyewe ni saba, zimechorwa kwenye mbao, zimepangwa kwenye ukuta unaoficha madhabahu. Nilikwenda kutafuta mfano mdogo wa ikoni za Kenya ili nimalize sura moja ya tasnifu yangu, inayohusu wanawake katika sanaa ya Bizanti na wasanii wa kike wa leo wanaozitumia ikoni kudai haki yao. Sikutarajia kusimama pale mdomo wazi. Mama wa Mungu aliye kushoto mwa mlango wa madhabahu anakutazama kama mama aliyekwisha kuambiwa habari mbaya, anayengoja wageni waondoke ndipo alie.

Kila mtu anasema zilichorwa na marehemu Padri Simeon, aliyelianzisha kanisa hilo. Mwanawe, Maluki, ndiye mwenyekiti wa kamati ya kanisa. Ana duka la vyuma mjini Thika, ni mkarimu, amenipa ufunguo wa kanisa nipige picha siku yoyote nitakayo. Akiitaja kazi ya baba yake husimama wima.

Alhamisi, 13 Machi

Profesa Erastus, msimamizi wangu, amepiga simu nikiwa natoka kufundisha Thika. Amesoma sura yangu ya pili. Akaniambia, kwa ile sauti yake ya mtu anayemega andazi, "Dorine, Bizanti haina wanawake. Ina Bikira tu. Wacha hizi story za donors tumalize hii thesis."

Nilisema, sawa Prof. Kisha nikasimama kwenye mvua nikijitukana kwa kusema sawa.

Jumamosi, 15 Machi

Nimekwenda kumhoji mjane wa Padri Simeon, mama yake Maluki. Anaitwa Syokau, ana miaka themanini kasoro, anakaa peke yake ng'ambo ya kanisa na mbuzi wake wenye kelele. Waumini humwita Presvitera, kama mke wa padri anavyoitwa kwao. Mimi namwita Mama. Hakunipenda. Alinipa kiti kibovu yeye akakaa kwenye kizuri, na kila nililouliza kuhusu mumewe alijibu huku anachambua maharagwe.

Nikamuuliza Padri alikuwa anachanganyaje kiini cha yai na rangi, maana ikoni za namna ile huchorwa kwa yai na mkono usiozoea huliharibu. Akacheka mpaka maharagwe yakamwagika. Akasema, "Simeon? Simeon hakujua hata kukaanga yai."

Nilidhani ni utani wa mjane. Akaingia chumbani akatoka na brashi tatu zilizofungwa kwenye kitambaa, nywele zake zimekatika karibu zote. Akaniambia ilivyokuwa. Zamani alikuja mtawa wa Kigiriki kuwafundisha mapadri kuchora. Simeon aliandikishwa, lakini kila siku ya somo alikuwa na mtu wa kuzika au wa kubatiza. Syokau akawa anakwenda badala yake ili amletee nyumbani yaliyofundishwa. Mtawa akaona mkono, akaacha kuuliza Padri yuko wapi. Zote saba ni zake.

Nikamuuliza kama mumewe aliwahi kudai ni kazi yake. "Hakusema ni zake. Watu walisema, naye hakuwakatiza."

Karibu miaka hamsini hakuwakatiza!

Jumapili, 16 Machi

Mvua mchana kutwa. Nguo hazikauki. Nimemchukia marehemu nisiyemjua.

Jumatano, 19 Machi

Nimerudi kwa Syokau na fomu ya ridhaa ili jina lake liingie kwenye utafiti. Amekataa. Nikamweleza kwamba dunia nzima kuna wanawake waliofutwa namna hii, kwamba wasomi tunawatafuta kwa tochi, kwamba yeye yu hai na ana nafasi ambayo wenzake waliikosa. Nilisema vizuri sana, nadhani. Akaniacha nimalize.

Kisha akasema, "Zikiwa za Simeon zinabusiwa. Zikiwa zangu zitaulizwa maswali." Akaondoka kwenda kuwafungia mbuzi.

Nimerudi nyumbani nimeudhika naye kuliko nilivyoudhika na mumewe. Mtu amenyang'anywa kitu chake, na bado anamlinda aliyemnyang'anya. Nilimwona mwoga. Naandika neno hilo kwa sababu ndilo nililolifikiria.

Jumatatu, 24 Machi

Maluki amepiga simu. Paa la kanisa linavuja juu ya ukuta wa ikoni, maji yamefika karibu na ikoni ya Mtakatifu Nikolai. Nilikwenda tukaweka karai na nailoni. Nzioka, mzee wa kamati ambaye sauti yake ndiyo husikika zaidi, alikuwapo pia na mikono mfukoni. Akasema labda ni ishara.

Jumamosi, 29 Machi

Mvua. Nimesahihisha mitihani. Mwanafunzi mmoja ameandika kwamba Bizanti ni mji wa Misri.

Jumapili, 30 Machi

Baada ya ibada kulikuwa na mkutano wa waumini. Maluki akatangaza kwamba mfadhili ametoa ikoni mpya, za kuchapishwa, zenye rangi ya dhahabu inayong'aa, na kwamba kwa kuwa paa linavuja na mbao zimeanza kupinda, hizi za zamani zitashushwa ziwekwe stoo. Akaonyesha moja. Ni karatasi ngumu iliyogandishwa kwenye ubao, kama zile picha za mandhari zinazotundikwa hotelini. Watu wakapiga makofi. Nzioka akasema hizi ndizo zenye sura za Kigiriki kabisa.

Stoo ile naijua. Ina magunia ya mahindi, saruji na panya.

Sikuomba ruhusa. Mgeni, mwanamke, tena si Mworthodoksi, nimelelewa Kianglikana huko Homa Bay, nikasimama katikati ya kanisa nikawaambia wanachotaka kukitupa kwa panya. Nikawaambia hakuna kanisa jingine ninalolijua lenye ikoni zote saba za mkono mmoja wa mwanamke wa kijijini. Nikataja brashi. Nikamtaja mtawa. Nikamwonyesha Syokau kwa kidole, pale alipokuwa ameketi upande wa wanawake, nikasema, "Huyu hapa ndiye aliyezichora."

Nilidhani watageuka wamtazame kwa heshima. Waligeuka, kweli. Syokau alitazama sakafu. Maluki akaketi polepole, kama mtu aliyeambiwa ana ugonjwa, na ile ikoni ya karatasi ikabaki mikononi mwake.

Hakuna aliyepiga makofi. Nilitoka nikijiona shujaa aliyezungukwa na wajinga.

Jumatatu, 31 Machi

Syokau hapokei simu.

Alhamisi, 3 Aprili

Sasa nimelielewa lile neno la Syokau kuhusu maswali, na ningependa kujipigiza kichwa ukutani.

Maluki ameniita dukani kwake. Hakunipa chai. Akaniambia wazee wa kamati wamekaa kwa Nzioka, na Nzioka ameuliza swali moja tu: Presvitera alipokuwa anazichora, alikuwa safi? Kwa desturi ya wazee wa kanisa lao, mwanamke aliye katika siku zake haingii kanisani wala hagusi kitu kitakatifu, na aliyejifungua hukaa nyumbani mpaka arobaini iishe. Padri hana siku kama hizo, kwa hiyo ikoni za Padri Simeon hazikuwahi kuulizwa chochote. Mwanamke anazo kila mwezi.

Naye Maluki alikuwa haniangalii. Alikuwa anapanga misumari kwa ukubwa, mtu mzima wa miaka hamsini kasoro, anatamka maneno hayo kuhusu mama yake mzazi mbele yangu. Akasema, "Madam, ungewacha zikae stoo. Stoo tungezitoa siku moja."

Nikauliza sasa zitakwenda wapi. Ikoni iliyobarikiwa haitupwi, akasema. Isiyofaa tena kubusiwa huchomwa, na majivu yake huzikwa mahali pasipokanyagwa. Ni desturi ya heshima. Nzioka ameshasema yuko tayari kuleta kuni.

Kila muhula ninafundisha somo la wasanii wa kike wa ng'ambo waliotundika damu yao ukutani kwenye majumba ya sanaa. Wavulana hucheka, mimi huwakaripia, kengele inalia, tunakwenda kula. Leo nimekaa kwenye duka la vyuma nikasikia damu ya mwanamke mmoja ikijadiliwa na wanaume wanne wasiokuwepo, na aliyeileta mezani ni mimi.

Jumamosi, 5 Aprili

Nimekwenda kwa Padri Mutie. Kijana, msomi, amesoma mpaka nje. Nikamwambia yeye anajua hakuna askofu aliyewahi kuagiza ikoni ichomwe kwa sababu hiyo. Akakubali anajua. Akasema askofu yuko safarini, na kamati ni ya wazee, na yeye ni mgeni hapa, na wakati huu wa Kwaresima si vizuri kuleta mgawanyiko. Ananawa mikono na Pasaka bado haijafika.

Profesa Erastus naye: "Piga picha nzuri kabla wachome. Hiyo ni material, Dorine." Nimekata simu. Mara hii sikusema sawa.

Jumapili, 6 Aprili

Wameamua. Syokau ataitwa mbele ya kamati Alhamisi. Akishindwa kuthibitisha, zitachomwa Jumamosi, kabla ya Jumapili ya Matawi, ili wiki kuu ianze na ukuta safi. Walisema hivyo: safi.

Jumatatu, 7 Aprili

Maluki amekuja mpaka kwangu Gatongora na kukaa garini nje ya lango, hataki kuingia. Nikaingia mimi, mvua inapiga paa la gari mpaka tunasemezana kwa nguvu. Amekonda. Amepata njia. Mama aseme mbele ya kamati kwamba ikoni ni za baba, yeye alimsaidia kusaga rangi tu. Mimi niseme sikumwelewa, Kiswahili na Kikamba vilinichanganya. Kamati itafurahi, Nzioka ataaibika, ikoni zitabaki ukutani na hizo za karatasi zitakwenda stoo. "Kila mtu anajua ukweli, lakini hakuna mtu atasema," akasema. "Madam, nisaidie. Mimi siwezi kumwambia mama."

Nilimtazama nikitaka kumzaba kofi. Kisha nikakubali. Wiki tatu zilizopita ningemfukuza. Leo nilichokuwa nakiona ni Mama wa Mungu akishika moto kuanzia pembeni, mahali ambapo mbao ni nyembamba.

Jumanne, 8 Aprili

Nilimkuta jikoni. Nikapiga magoti. Nikamwambia aseme ni za Simeon, sentensi moja tu, ziokoke. Nikamwambia kosa ni langu na hili ndilo la kulirekebisha. Nililia pia, sioni haya kuandika.

Syokau alikuwa anasonga ugali. Aliendelea mpaka ukakaza, akaupua, akafunika. Ndipo akasema. Sijawahi kusemeshwa hivyo na mtu, hata mama yangu.

"Nimenyamaza tangu kabla hujazaliwa. Kunyamaza nilichagua mimi. Wewe ukaja na kamera yako ukasema kunyamaza kwangu ni ujinga, ukanitoa mbele za watu bila kuniuliza. Sasa unakuja tena, unataka niende niseme uongo kanisani kwa mdomo wangu mwenyewe. Mdomo wangu ni wako?"

Nikasema nataka tu kuziokoa.

"Mlianza hivyo hivyo wote. Simeon pia, alipowaacha watu waseme ni zake, alikuwa anataka tu kuziokoa. Toka."

Nimetembea mpaka barabara kubwa bila mwavuli. Kimya kingi kina mshindo mkuu, wahenga walisema, na mimi nilidhani nimekwisha kuusikia mshindo huo siku ile kanisani, kumbe nilikuwa nasikia sauti yangu tu.

Alhamisi, 10 Aprili

Nataka kuandika yote kabla sijalala, kama yalivyokuwa.

Kamati ilikaa ndani ya kanisa, kwenye mabenchi, mgongo kwa mlango. Maluki katikati kama mwenyekiti, Nzioka kulia kwake, wazee watatu, na Padri Mutie pembeni akigeuza kurasa za kitabu chake cha sala. Nje palikuwa na kuni chini ya nailoni. Mimi niliruhusiwa kwa sababu nilitakiwa kusema kwamba nilikosea.

Syokau akaingia na koti jeusi na kitambaa cheupe. Akazibusu ikoni zote saba, moja moja, bila haraka. Hakuna aliyethubutu kumzuia, ingawa Nzioka alikohoa. Hakuketi.

Maluki akaanza vile alivyonifundisha mimi. Sauti yake ilikuwa nyembamba. Akasema kumetokea kutoelewana, kwamba mgeni wetu alisikia vibaya, na kwamba Presvitera amekuja kutueleza jinsi alivyokuwa akimsaidia Padri. Akanitazama. Ilikuwa zamu yangu.

Nikasimama nikasema nilisikia vizuri. Hilo tu. Nikaketi.

Nzioka akageuka kwa Syokau. Kwa haki, hakumtukana. Alimwita Presvitera, akaomba radhi kwa swali lenyewe, akasema wao ni wazee wanaolinda nyumba ya Mungu. Halafu akauliza, mbele ya mwanawe wa kumzaa, kama anaweza kuapa kwamba kila alipoishika brashi alikuwa safi.

Syokau akasema, "Siwezi."

Mzee mmoja akapumua kwa nguvu. Maluki akasema, "Mama," taratibu, kama anayemwomba mtu asivuke barabara.

"Siwezi kuapa, Nzioka, kwa sababu sikuwa. Hizi nyingine sikumbuki, nilikuwa nalima, nachora, nalima. Lakini huyu nakumbuka." Akainua mkono kuelekea Mama wa Mungu. "Askofu alikuwa anakuja kufungua kanisa na Simeon alikuwa amemwahidi ikoni. Mimi nilikuwa nimejifungua. Niko kwa arobaini. Kanisani siruhusiwi, shambani siendi, mtoto ananyonya saa zote. Nikasema basi, wakati nimepata. Nilimchora huyu na damu ya uzazi ikiwa bado inatoka. Siku ya kufungua, wanaume walikuja kuichukua mlangoni kwangu wakiimba. Mimi nilibaki ndani, arobaini haikuwa imeisha. Nzioka, wewe ulikuwa kati ya hao vijana. Wewe ndiye uliishika upande wa chini."

Nzioka alitazama mikono yake, na nadhani hakujua anafanya hivyo.

"Nilihitaji mtoto wa kumtazama ili nimchore Mtoto," Syokau akaendelea. "Nilikuwa naye mmoja tu." Hapo akamgeukia mwanawe, na sauti yake haikushuka wala kupanda. "Hiyo ni miguu yako, Maluki. Hicho ni kidevu chako. Uso wa Mama niliuchora kwa wangu, nilikuwa na kioo. Kwa miaka yote hii watu wanambusu, wanabusu vidole vyako. Haya, mwenyekiti. Kuni ziko hapo nje. Kiberiti unacho?"

Maluki aliinuka. Nilidhani anatoka. Alikwenda mpaka kwenye ikoni akasimama karibu nayo sana, karibu kuliko mtu anavyosimama kubusu, akaitazama ile miguu midogo. Mabega yake yakaanza kutikisika. Akiwa bado ametupa mgongo, akasema kikao kimefungwa.

Nzioka akasema utaratibu haujakamilika. Padri Mutie, ambaye nimemwita majina mengi katika kurasa hizi, akafunga kitabu chake akasema, "Mzee, kimefungwa." Ilikuwa imechelewa mno kunifurahisha, lakini alisema.

Jumapili, 13 Aprili

Matawi. Kuni za Nzioka zimechukuliwa na akina mama wakapikia chai. Yeye mwenyewe hakuja, wala mke wake. Wanasema watakuwa wakisali Thika mjini. Mzee mwingine alikuja lakini aliipita ikoni ya Mama wa Mungu bila kuibusu, akambusu Nikolai peke yake. Kwa hiyo hatujashinda, na askofu akirudi huenda yote yakaanza upya. Hakuna aliyemwomba Syokau radhi. Wamemtengea kiti mbele, kana kwamba shida yake ilikuwa kiti.

Baada ya ibada nilimfuata nje. Nilikuwa nimejiandaa kumwambia nimeichana ile fomu, kwamba jina lake halitaingia popote bila yeye kutaka. Aliniacha nimalize, kama kawaida yake.

"Andika," akasema. "Wameshasikia, sasa andika. Uandike Syokau, usiandike mke wa padri." Akafunga vifungo vya koti. "Lakini uandike na wewe. Kwamba ulinitaja bila kuniuliza, halafu ulipoona moto ukaja kunipigia magoti niseme uongo. Usiruke hapo. Wakinisoma, wakusome na wewe."

Nikamwambia Profesa hatakubali jambo hilo kwenye tasnifu.

"Si ulisema wewe unatafuta watu waliofutwa? Basi na wewe usijifute," akasema, akaenda zake kuwatazama mbuzi.

Nimewasha kompyuta. Nimefuta ukurasa wa kwanza wa sura ya nne, ule ulioanza na malkia Theodora. Sasa unaanza na mimi, nimesimama katikati ya kanisa lisilo langu, nimemnyooshea mwanamke kidole.